Siku Nilipowafundisha Darasa la Nne Pa Kucheka

Jamani, najua ule wimbo mmeshausikia, kwa hiyo msijifanye mnaniuliza habari za kazi huku mmejishika masikio. Hii aibu ni yangu, nimeifuga mwenyewe na kuilisha mwenyewe, na leo nitaisimulia mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kutoka kwa watu ambao hawakuwepo, halafu wanaongeza na mamba ambaye naye hakuwepo. Kaeni basi. Na wewe uliyeanza kucheka mapema, subiri, pa kucheka nitakuonyesha (hiyo kazi ndiyo iliyoniponza).

Mimi, kwa asiyenijua, ni mzaliwa wa Mpepai, mtoto wa kahawa na mahindi, nikapangiwa kufundisha Kiswahili kwenye shule ya msingi huku chini ziwani, upande wa Lipingo, ambako watoto wanajua kuogelea kabla hawajajua kusema shikamoo. Na kama mlikuwa hamjui (mnajua, nimewaambia kila tulipokutana, hata msibani), mimi ni mwandishi. Naandika riwaya za watoto, zile za majitu na wachawi na falme ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Ile niliyoitolea jasho kuliko zote inaitwa Kasri la Theluji Nyekundu, na ndani yake kuna farasi wenye mabawa, mwana wa mfalme mwenye nywele za dhahabu, na upanga unaoongea kuliko mwenye upanga. Msiniulize theluji niliiona wapi. Baridi ya Mbinga mwezi wa Juni naijua, nikaizidisha kidogo kwa akili yangu, mtaalamu wa theluji akawa amepatikana.

Katikati ya riwaya hiyo kuna sura moja fupi isiyo na kasri wala farasi. Niliichomeka kwa sababu kitabu kilikuwa chembamba na mimi nilitaka kiwe na kiuno. Inamhusu binti mmoja na mashimo ya ngolo, yale tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo wetu. Mambo ya nyumbani tu, niliyaandika harakaharaka kama mtu anayefagia uani kabla wageni hawajafika, kisha nikarudi kwa farasi wangu. Ikumbukeni hiyo sura.

Basi nikautuma mswada kwa wachapishaji fulani Dar es Salaam, nikasahau kabisa (uongo, nilikuwa nachungulia simu hata kanisani), mpaka siku moja akanipigia mhariri wao, mama mmoja anaitwa Bi Rukia, sauti ya taratibu, ya mtu asiyeharakishwa na yeyote.

"Mwalimu, mswada wako nimeusoma," akasema. "Kuna mahali unanivuta, kuna mahali unanichosha, sijaamua. Sasa nakuja Mbinga kwenye semina, nitashuka hadi huko kwenu. Nataka nikuone ukiwasomea watoto. Watoto wakivutwa, nakichapa. Watoto hawajui kudanganya."

Watoto hawajui kudanganya! Yule mama alikuwa hajakutana na Darasa la Nne langu, watoto ambao wanaweza kukuapia kwamba kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi, na mbuzi mwenyewe wakamleta kama shahidi. Lakini nilimwitikia tu, ndiyo mama, karibu sana mama. Elewaneni nami hapa. Nilikuwa nimeandika miaka na miaka sijachapwa hata mstari, wenzangu ofisini wakiniita mtunzi kwa sauti ile ile wanayomwitia kichaa wa sokoni, na sasa kitabu changu kilikuwa kinangoja asubuhi moja tu, darasa moja tu. Nilikitaka kile kitabu mpaka nikawa sisikii njaa.

Mke wangu Editha alisema neno moja tu. "Wasomee tu, Baba Neema. Kizuri chajiuza." (Nusu ya pili ya methali hiyo alikuwa na adabu ya kutoitamka.) Nikamwambia yeye ni fundi cherehani, mambo ya fasihi aniachie mwenyewe.

Hata hivyo nikajaribu. Nikawasomea Darasa la Nne ukurasa wa kwanza, kwa sauti yangu nzuri ya kusomea masomo kanisani, na kabla sijafika kwenye lango la kasri nusu ya darasa ilikuwa inatazama dirishani, wanakovuta wavu wavuvi. Kiranja wao, Oliva, binti wa maswali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, theluji inaliwa?"

"Hailiwi, Oliva."

"Sasa wanakaa nayo ya nini?"

Darasa zima likacheka, na hicho ndicho kilichokuwa kicheko pekee cha siku hiyo. Nikakunja karatasi zangu nikatoka, nimenuna kama mtu aliyenyimwa mchuzi kwenye harusi ya ndugu yake.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa dakika, usio na ubaya wowote ukiutazama kwa mbali. Walimu wenzangu mnaijua mbinu ya mkaguzi: mkaguzi akija, mwalimu akiuliza swali darasa zima linanyoosha mikono, anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia tu, mkaguzi anaondoka anasema shule hii ina vipaji. Msininyooshee vidole, wote tumeifanya. Mimi niliipanua tu kidogo. Nikawaambia watoto wangu: nikishika sikio, mnacheka. Nikifuta jasho kwa leso, mnapiga makofi. Na nikivua miwani, hapo ni kwenye jitu, mnapiga yowe, na nataka yowe la kutoka tumboni, la mtu aliyeona mamba.

Tukafanya mazoezi wiki nzima. Jedwali la saba limewashinda tangu Januari, lakini ishara zangu walizishika kabla ya kengele ya uji. Yowe lenyewe tulilifanyia mazoezi kwa kunong'ona, ili Darasa la Tano wasitusikie, nikawaambia siku yenyewe ndiyo mtaliachia. Mtu yeyote aliyezaliwa ziwani angenishika mkono hapo hapo. Lakini mimi ni mtu wa milimani, najua mwenyewe, kwa nini niulize?

Siku ikafika. Mwalimu Mkuu alikuwa amevaa tai ambayo hatujawahi kuiona, amekwishawaambia watu watatu kwamba kipaji changu alikigundua yeye. Bi Rukia akaingia na kitenge chake na kalamu yake, watoto wakasimama. "Shikamoo mgeni weeetu!" Akaitikia marahaba akacheka kidogo, akakaa nyuma, karibu na dirisha. Joto la siku hiyo, jamani, lilikuwa la kabla ya mvua, bati linalia juu, na darasa limejaa mpaka wengine wamekaa kwenye sakafu.

Nikaanza. Upanga ukaongea maneno yake ya kwanza, nikashika sikio. Darasa likacheka. Lakini nataka mjue lilivyocheka: walianza pamoja, wakamaliza pamoja, kama kwaya iliyopewa noti, na baada ya hapo kimya cha watu wanaongoja kazi nyingine. Bi Rukia akainua nyusi. Mimi nikasema moyoni, tayari, ameshanaswa.

Nikaendelea mpaka mahali ambapo mfalme mzee anakufa, mahali pa huzuni kuliko pote, nilipolia mwenyewe wakati naandika, na hapo jasho likaniteremka machoni. Mkono una tabia zake. Nikatoa leso, nikafuta.

Makofi! Mfalme anakata roho, mjane wake anaanguka kifuani pake, na watoto wa Tanzania wanapiga makofi ya furaha, pa-pa-pa, pa-pa-pa, mmoja mbele kabisa anaongeza na "hongera!" kwa bidii yake binafsi. Bi Rukia akaandika kitu. Nikashtuka, na nikishtuka natoka jasho zaidi, nikafuta tena, wakapiga tena. Tangu hapo nikaliacha jasho lijimwage lenyewe, nikafunua kurasa nyingi kwa mkupuo ili nimkimbie yule marehemu, nikaanza kusoma mahali popote macho yalipotua.

Yalitua kwenye ngolo.

Sikuipanga sura hiyo, haina ishara hata moja, na nilipogundua nilikuwa nimeshasoma sentensi mbili na kurudi nyuma ilikuwa aibu, kwa hiyo nikaisoma tu kwa sauti ya kawaida, ile ninayozungumzia nyumbani. Inasema hivi: mvua ikishanyesha, mashimo ya mlimani hujaa sauti za wanawake wote walioyachimba, na ukiinama ukatega sikio utasikia waliotangulia wakiendelea na mazungumzo yao. Binti alikuwa amefiwa na mama yake. Akaenda shimo hadi shimo, akainama, akasikia mabibi asiowajua wakisemezana habari za maharage na za waume zao, mpaka shimo la mwisho, lile dogo kando ya njia, akasikia mtu akimgombeza: "Jembe la watu umeliacha kwenye mvua tena?"

Nikainua macho. Darasa lilikuwa kimya. Si kimya cha kungoja, hapana, kimya cha mahali pasipo na watu. Hakuna aliyetazama dirishani. Oliva alikuwa ameacha mdomo wazi, mtoto wa mbele aliyesema hongera ameshika kalamu mdomoni haitafuni. Bi Rukia ameegemeza kidevu mkononi, haandiki.

Na mimi, mtunzi mkubwa, mjuzi wa fasihi, nikakielewaje kile kimya? Nikaona nimekwisha. Nikaona wamechoka, wamelala macho wazi, wamesahau kazi niliyowafundisha wiki nzima, na kitabu changu kinazama mbele ya macho yangu. Nikaamua kukiokoa.

Nikashika sikio.

Walishtuka kama watu walioamshwa. Kicheko kikatoka vipandevipande, wengine wamewahi, wengine wamechelewa, wengine wanacheka huku wanatazamana kuuliza tunacheka nini, lakini walicheka wote, kwa utii. Mama marehemu anamgombeza mwanawe kutoka ardhini, na darasa linakufa kwa kicheko. Bi Rukia akaifunika kalamu yake kifuniko polepole, akaiweka kwenye mkoba.

Laiti mkasa ungeishia hapo. Lakini ziwa nalo lilikuwa na mchango wake. Mnawajua kungu, vile vijidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi wa nyumba inayoungua, upepo ukigeuka vinakuja nchi kavu kwa mawingu mawingu. (Nilipohamia huku niliuona ule moshi mara ya kwanza nikakimbia kijiji kizima nikitangaza kwamba meli inaungua. Hiyo ni aibu nyingine, ina siku yake.) Upepo uligeuka dakika ile ile, madirisha yetu hayana vioo, wingu likaingia darasani bila hodi. Kungu puani, kungu kinywani, kungu kwenye miwani mpaka sioni hata karatasi. Sasa mtu mwenye miwani isiyoona anafanya nini? Nikaivua niifute.

Lile yowe silitanii. Watoto walikuwa wamelikalia wiki nzima. Lilitoka tumboni kama nilivyoagiza, likatoka dirishani, likaenda ziwani, na nadhani ng'ambo walilisikia. Nikapiga kelele, "Basi! Nyamazeni!" huku nawafukuza kungu masikioni kwa mkono. Wakacheka. Nikajifuta uso. Makofi. Miwani ikaniponyoka. Yowe la pili. Mwalimu Mkuu akasimama, "Tulieni! Tulieni!" naye akatoa leso ajifute kungu kwenye mashavu, akapigiwa makofi mazito, na mzee wa watu akainamisha kichwa kushukuru.

Sasa niwaeleze nilichokuwa sijui. Huku ziwani yowe lina sheria. Yowe ni mtu kachukuliwa na mamba au kazama, na anayelisikia anaacha alichoshika, awe anakula, awe anaoga, anakimbia. Wavuvi waliokuwa wanavuta wavu waliuachia majini pamoja na samaki wake, wakaja na makasia. Kina mama walikuwa wametoka na vikapu walivyovilowesha maji kuwanasia kungu, maana huku wingu lile ni kitoweo, nao wakageuka na vikapu vyao, mbele yao Mama Stela, mpika uji wa shule yetu na kiongozi wa kihoda, ngoma ya kina mama wa huku. Mlango ukajaa watu wanahema. Mzee mmoja mvuvi, maji yakimchuruzika, akauliza, "Kachukuliwa nani? Mtoto wa nani?"

Nilitaka kujibu. Naapa nilitaka kujibu. Lakini aibu ilinipanda, na mtu mwenye aibu anapeleka mkono wapi? Sikioni.

Darasa likacheka kwa nguvu zote.

"Mtoto kachukuliwa mnacheka?" Mzee alifoka mpaka kasia likagonga sakafu. Hapo Oliva akaona shule inadhalilika, akasimama wima, mikono nyuma, kama ninavyowafundisha kujibu wageni.

"Shikamoo babu. Hakuna mamba. Ni mwalimu amevua miwani."

"Eti nini?"

"Akivua miwani tunaogopa, akishika sikio tunacheka, akifuta jasho tunafurahi. Tumejifunza wiki nzima."

Nilitamani sakafu ipasuke, na sakafu yetu ina nyufa za kutosha lakini hakuna iliyonionea huruma. Mwalimu Mkuu akawa anatazama tai yake. Bi Rukia akapita katikati ya watoto, akainama kwa Oliva, akamuuliza taratibu, "Na pale mliponyamaza, mwanangu? Kwenye yale mashimo? Mwalimu alifanya ishara gani?"

Oliva akafikiri.

"Pale hakufanya kitu, mama. Pale tulisahau."

Hakuna aliyecheka. Mzee mvuvi akanitazama, akashusha pumzi, akaniambia si kwa hasira tena, "Mwalimu, huku yowe halichezewi. Siku utakapolihitaji la kweli, atakuja nani?" Nikamwomba radhi, na nilimaanisha. Wakarudi majini, ambako samaki kwa kweli hawakuwa wamewangoja.

Mchana Editha alimwandalia mgeni samaki wa huku, mbasa wa kukaanga, na ugali wa muhogo, nami nikakaa pembeni. Bi Rukia akala, akasifu, akanawa mikono, ndipo akasema.

"Lile kasri silitaki, mwalimu. Theluji waachie wenye nayo. Lakini ulipofika kwenye mashimo nilishaamua, nikasema huyu namchapa. Halafu ukashika sikio." Akatikisa kichwa. "Nikaona kumbe una kitu, ila wewe mwenyewe hukijui. Nenda ukaandike hayo mashimo, kitabu kizima. Ukikimaliza nipigie, nitakisoma kama cha mtu mwingine yeyote. Sikuahidi kitu." Editha aliondoa vyombo, hakunikumbusha methali yake, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mbasa.

Mnadhani kijiji kilinyamaza? Kihoda hakilazi jambo. Jioni ile ile Mama Stela alikuwa ameshapanga mistari, kina mama wamesimama safu, ngoma inalia, na vitendo vyake vyote:

*Mwalimu shika sikio, tucheke ee,*
*mwalimu vua miwani, tulie ee,*
*mamba yuko wapi? Mamba kavaa tai!*

(Mwalimu Mkuu hajausamehe huo mstari wa mwisho, na mimi ndiye ninayelipia kwa zamu za Jumamosi.) Wimbo ukaenda Liuli kwenye sikukuu, ukapanda mlima, ukafika Mbinga sokoni, na siku moja mama yangu akanipigia kutoka Mpepai. "Deo mwanangu, kuna mwalimu wa huko kwenu anaitwa wa Sikio, unamfahamu?" Nikamwambia tunafahamiana kidogo. Na kinachouma zaidi ni kwamba Mama Stela hana mhariri, hana mswada, hajawahi kujiita mtunzi hata siku moja, na kazi yake iko midomoni mwa watu kuanzia ziwani mpaka milimani, na kila mmoja anajua pa kucheka bila kufundishwa.

Kwa hiyo nimeapa, na mnishuhudie: sitamwonyesha tena mtu pa kucheka, wala pa kulia, wala pa kuogopa, hata mkaguzi akija na mkaguzi mwenzake. Naandika mashimo sasa. Kila Ijumaa nawasomea Darasa la Nne nilichoandika, karatasi mezani, mikono yangu miwili mfukoni, Oliva ananifunulia kurasa (na kurekebisha, maana anasema mabibi wangu wanaongea kama walimu). Wakitazama dirishani, ukurasa huo naufuta.

Ijumaa iliyopita tulifika kwa yule mama na jembe lake. Darasa likanyamaza. Kile kimya kile kile. Na hapo hapo kungu mmoja akaja, akatua sikioni kwangu, akaanza kutembea taratibu kwenda ndani, akiniwasha mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwacha.